MENDE KATIKA VYOMBO VYA JIKO: Namna ya Kuwafukuza Pasipo Kuwahatarisha Watoto



Usiku wa leo nakuomba ufanye jambo moja dogo. Watu wote nyumbani wakiisha kulala, ngoja saa nzima. Kisha ingia jikoni polepole na tochi, umulike ghafula nyuma ya kabati, chini ya mbabula iliyopoa, na kando ya frigo ikiwa unayo. Ukiona kitu cha rangi ya kahawia kinakimbia na kujibana ndani ya ufa, basi somo hili ni lako. Usione haya. Mende huingia katika nyumba ya tajiri na ya maskini, ya mchungaji na ya mwalimu. Hata katika jiko la hospitali tumepigana naye.

Jambo lililonifanya niandike

Siku moja mama aliingia mbio hospitalini akimbeba mtoto wake wa miaka mitatu. Mate yalikuwa yakimtoka mtoto kinywani pasipo kukoma. Jasho lilikuwa limemlowanisha, mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, na pumzi yake ilikuwa ikikoroma. Mama alikuwa amenunua dawa ya mende sokoni, imepimwa katika chupa isiyo na karatasi ya maelezo. Nusu aliinyunyiza nyuma ya kabati. Nusu aliiweka chini ya meza, katika chupa iliyokuwa ya soda. Mtoto aliona chupa anayoijua, akanywa.

Tulimpa dawa ya atropini, tukakesha naye usiku kucha, naye akapona. Siku walipokuwa wakirudi nyumbani nilimwuliza mama, “Na mende je?” Akainamisha kichwa, akajibu, “Mende wangalipo.”

Fikiri maneno hayo. Sumu ilimfikia mtoto kabla ya kuwafikia mende. Kwa hiyo nataka ujue jambo hili kuliko yote: mende hafukuzwi kwa sumu nyingi. Hufukuzwa kwa kumnyima maji, chakula na maficho. Sumu, ikitumiwa, iwe kidogo sana na iwe ya mwisho.

Mjue adui yako

Kuna mende wa namna nyingi, lakini wawili ndio wanaotusumbua zaidi.

Wa kwanza ni mkubwa, urefu wake kama sentimita 4. Hupenda choo, shimo la takataka na mifereji, kisha usiku huja jikoni. Wataalamu humwita mende wa Marekani, lakini asili yake ni Afrika.

Wa pili ni mdogo, urefu wake sentimita moja na nusu tu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyu ndiye anayekaa ndani ya vyombo. Humwita mende wa Kijerumani, lakini mwaka 2024 wataalamu walionyesha kwamba asili yake ni Asia ya Kusini, karibu miaka 2,100 iliyopita. Alisafiri na wanadamu katika mizigo yao mpaka akaenea dunia yote.

Hata kwetu hivyo ndivyo anavyokuja. Huja katika katoni ya sabuni, katika gunia la maharagi, katika redio iliyonunuliwa kwa mtu mwingine. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilishuka juu ya barabara huko Kilambo, karibu na Walikale, kuchukua kasiterite, nazo zikaleta bidhaa za duka. Katika Masisi jamaa nyingi zimehama kwa sababu ya vita na kurudi tena, mara nyingi, zikibeba sufuria na magodoro. Mende hakuhitaji kutembea. Alibebwa.

Jike la mende mdogo hubeba kifuko cha mayai nyuma ya mwili wake, kinachofanana na punje ndogo ya maharagi. Ndani yake mna mayai 30 mpaka 40. Hukibeba karibu mwezi mmoja, mpaka watoto wawe tayari kutoka. Kwa hiyo ukiua mende wote unaowaona leo, bado kuna watoto watakaotoka baada ya majuma machache. Ndiyo sababu kazi ya siku moja haitoshi.

Anatuletea nini?

Mende hutoka chooni na miguu yake michafu, kisha hutembea juu ya bugali uliobaki na juu ya kijiko cha mtoto. Hivyo anaweza kubeba vijidudu vya kuhara na vya kuhara damu. Tena mavi yake na ngozi anazovua hukauka na kuwa vumbi, na vumbi hilo huamsha pumu, hasa kwa watoto. Mara nyingine huingia sikioni mwa mtu aliyelala. Likimpata mtoto wako jambo hili, usichokoe kwa kijiti. Ikiwa sikio lake halitoi usaha, wala hukuambiwa kwamba lina tundu, tia matone ya mafuta safi ya kupikia yaliyo vuguvugu ili mende afe. Kisha mlete hospitalini tumtoe.

Kwa nini anapenda vyombo vya jiko?

Anatafuta vitu vinne: maji, chakula, giza na joto. Katika Walikale, kwenye msitu, joto na unyevu viko kila mahali, kwa hiyo mende hukaa popote: katika ukuta wa udongo, katika kuni, katika dari. Lakini juu milimani katika Masisi usiku kuna baridi. Huko mende hutafuta mahali penye moto: karibu na mafiga, chini ya mbabula, nyuma ya frigo penye mota, ndani ya redio, ndani ya sanduku la betri la umeme wa jua. Zamani wamisionari walipotumia frigo za mafuta ya taa, ile taa ya nyuma iliwapa mende makao mazuri. Siku hizi paneli za jua zimekuja, na mende amehamia huko.

Sikiliza tena jambo moja la kukusaidia. Mende mdogo akiwa na maji anaweza kuishi karibu mwezi mmoja pasipo chakula. Lakini pasipo maji na chakula, majuma mawili ni mengi kwake. Basi anza vita na maji.

Kazi ya juma la kwanza

1. Kila jioni kausha jiko. Usiache maji katika beseni, wala kitambaa kilicholowa juu ya meza. Funika ndoo na bidoni. Bomba likivuja, litengenezwe.

2. Osha vyombo kabla ya kulala. Sufuria iliyogandiwa na bugali ni karamu ya usiku. Ikiwa umechoka sana, itie sufuria yote ndani ya maji ya sabuni mpaka asubuhi.

3. Funga chakula. Unga wa mihogo, sukari, makayabu na maziwa viwe katika chombo chenye kifuniko kinachokaza. Chupa ya mafuta ya mawese ipanguswe nje, maana matone yake huwalisha mende wengi.

4. Toa takataka nje kila jioni, na shimo liwe mbali na mlango wa jiko. Choo kiwe na kifuniko.

5. Choma au ondoa katoni za zamani. Gundi ya katoni ni chakula, na mikunjo yake ni kitanda.

6. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo laini au simenti. Vuta kabati kidogo kutoka ukutani, na miguu yake minne isimame katika makopo yenye maji ya sabuni. Sabuni huziba matundu ambayo mende hupumua nayo, yaliyo kando ya mwili wake. Makopo hayo huwazuia sisimizi pia.

7. Kila kitu kinachotoka sokoni kifunguliwe nje, kikung'utwe, ndipo kiingie nyumbani.

Sasa vyombo vyenyewe

*Mbabula na jiko la mafuta.* Likiisha kupoa, mwaga majivu yote, pindua, piga kwa mkono, na uangushe makombo. Futa mafuta yaliyoganda kwa majivu na maji ya moto. Liache juani mchana wote.

*Frigo na resho ya umeme.* Kwanza toa waya katika umeme. Usisahau. Vuta frigo kutoka ukutani. Nyuma, chini, utaona mota, na karibu nayo kisahani kinachopokea maji. Hapo ndipo kijiji chao. Futa vumbi, osha kisahani, sugua mpira wa mlango kwa burashi na sabuni, hasa katika mikunjo. Usimwage maji wala kupuliza dawa juu ya mota au nyaya: unaweza kupigwa na umeme au kuwasha moto. Ngoja vyote vikauke kabisa kabla ya kurudisha waya. Lakini ikiwa ni frigo ya chanjo katika kituo cha afya, usiizime mwenyewe. Mwite mwuguzi anayeitunza, maana chanjo ikipata joto huharibika.

*Redio, birika ya umeme, sanduku la betri.* Toa umeme. Kung'uta chombo nje. Kisha kitie ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na chupa ya mtego nitakayoieleza, funga sana, uache siku tatu usiku na mchana, mahali ambapo watoto hawafiki. Njaa na kiu zitawatoa mende ndani ya nyaya, nao wataingia chupani.

Mtego usio na sumu

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Weka ndani kipande cha ndizi mbivu sana iliyoanza kuchacha. Wengine husema kasiksi ni bora zaidi, lakini usinunue kasiksi kwa kisingizio cha mende! Paka mafuta ya mawese ndani ya shingo ya chupa, upana wa vidole viwili. Zungusha karatasi au kitambaa nje ili mende aweze kupanda. Ataingia, naye hatatoka, kwa sababu ya utelezi. Asubuhi mimina ndani maji ya moto yenye sabuni, kisha mwaga chooni.

Ikiwa bado wako

Ukiisha kufanya hayo majuma mawili na bado unaona wengi, nunua asidi boriki katika duka la dawa, si kwa mchuuzi wa barabarani. Changanya kijiko kimoja cha dawa hiyo, vijiko viwili vya unga, kijiko kimoja cha sukari, na mafuta kidogo. Fanya vidonge vidogo kama punje ya mahindi. Viweke ndani kabisa ya nyufa na nyuma ya vitu vizito, mahali ambapo mkono wa mtoto, kuku wala mbwa hafiki. Hufanya kazi polepole: ngoja majuma mawili au matatu. Wasipovila, acha sukari, tia samaki mkavu aliyesagwa, kwa maana mwaka 1993 wataalamu walieleza kwamba kuna mende waliozoea kukataa utamu. Hata dawa hii ni sumu kwa mtu. Nawa mikono, na kijiko ulichotumia kisirudi tena mezani.

Je, dawa kali za kupuliza? Zinawaua wanaokimbia wazi, lakini haziwafikii wale walio ndani ya ufa, wala mayai yaliyo ndani ya kifuko chake. Tena mende huzizoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Corpus Christi huko Marekani, mende wadogo hawakufa tena kwa dawa kali iliyoitwa klodani. DDT nayo ilisifiwa sana katika miaka ile. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliizuia, isipokuwa katika vita dhidi ya wadudu wanaoleta magonjwa kama malaria.

Mtoto akinywa sumu

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, na wewe mwenyewe ujikinge mikono. Mlaze kwa ubavu ikiwa amelegea. Mbebe upesi hospitalini, na ulete chupa ile ili tujue alichokunywa. Usingoje asubuhi.

Na tangu leo, dawa yoyote isikae katika chupa ya kinywaji, hata kwa saa moja.

Maswali ya kujiuliza jioni

Je, jiko langu ni kavu? Chakula kimefunikwa? Takataka zimetoka? Nyuma ya frigo na chini ya mbabula ni safi? Kuna chupa ya sumu ambayo mtoto anaweza kuifikia?

Ukiweza kujibu vema kila jioni kwa miezi mitatu, watoto wa mende watakaotoka katika mayai hawatakuta maji, wala chakula, wala mahali pa kujificha. Yule mama niliyekuambia habari zake alifanya hivyo. Aliporudi kwetu kumpima mtoto uzito, nilimwuliza tena juu ya mende. Safari hii hakuinamisha kichwa. Alisema, “Mama, juma zima nimeona mmoja tu, naye alikuwa ndani ya chupa.”