Butembo-Beni: Vitabu vya kusoma kwa simu kwa abonema, hesabu yake ni ipi?

Mwenye simu ya kugusa katika miji ya Butembo ao Beni, Kivu ya Kaskazini, akifungua intaneti hakosi kukutana na tangazo la namna hii: soma vitabu maelfu, lipa bei moja tu kwa mwezi. Wakaaji wa hapa wanaijua abonema tangu zamani kupitia Canal+. Ukilipa, picha inaonekana. Siku zikiisha, skrini inabaki nyeusi hata kama mchezo uko dakika ya 80. Kwa vitabu mambo ni yale yale, lakini kabla ya kulipa kuna hesabu ambayo tangazo haliifanyi.

Tuanze na bei yenyewe. Kindle Unlimited ya kampuni ya Amazon ilianza Marekani mwezi wa saba mwaka wa 2014 kwa dola 9,99 kila mwezi. Mwaka wa 2023 ikapanda hadi dola 11,99. Kwa miezi 12 hiyo ni dola 143,88. Katika nyumba yenye watoto watatu masomoni, dola 144 si pesa ya mchezo: inagombana moja kwa moja na minerval, na mzazi wa Vulamba ao wa Mulekera hatauliza mara mbili ni ipi itangulie.

Tena, hata mwenye hizo dola hana uhakika wa kuingia. Kindle Unlimited inauzwa kupitia maduka ya Amazon ya nchi fulani tu, kama Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Uhindi ao Brazili. Kongo haimo. Ndiyo maana wengine wanapitia konti ya ndugu aliye Ulaya ao Amerika, jambo linaloweza kukatika siku yoyote. Baadaye kuna malipo. Kampuni nyingi za nje zinataka karte ya benki, na hapa kwetu pesa nyingi inatembea kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Karte ya Visa inapatikana, lakini benki inakata malipo yake pembeni. Na tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 na benki za huko kufunga milango, aliyekuwa na konti Goma amejua namna gani karte inaweza kubaki kipande cha plastiki mfukoni.

Kuna njia ya pili, iliyo karibu zaidi na maisha yetu. Kampuni ya Ufaransa YouScribe ilichagua kuingia katika Afrika inayosema Kifaransa kupitia kampuni za simu. Msomaji halipi kwa karte, analipa kwa unite za simu yake, tena kwa vipande: siku, juma ao mwezi. Wazo hilo ni zuri. Mtu anayepata pesa yake kwa siku, kama muuza mkate ao mwendesha pikipiki, anaweza kulipa kusoma kwa siku.

Ila bei ndogo ya siku ina mtego wake. Mara nyingi huduma za namna hii zinajirudilia zenyewe mpaka mtu azikatishe. Chukua mfano wa franka 200 kwa siku. Hakuna anayelilia franka 200. Kwa siku 30 zinakuwa franka 6.000, na kwa mwaka franka 73.000, hata kama kitabu kilifunguliwa mara mbili tu. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa habari ya unite zinazoondoka polepole. Kati ya mwaka wa 2020 na mwanzo wa 2022, kodi ya RAM ilikuwa inakatwa katika simu zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za 3G na 4G. Kelele zilipanda mpaka ikaondolewa. Tofauti ni kwamba abonema ya vitabu umeikubali mwenyewe, kwa kubonyeza, na hakuna mbunge atakayekusemea.

Sasa tuje kwenye mega, maana ndiyo gharama ambayo wengi wanasahau. Wengi wanafikiri kusoma kitabu kwa simu kunakula mega nyingi. Si kweli kwa kila kitabu. Riwaya nzima iliyotengenezwa vizuri kwa kusomwa kwenye simu, maneno tu bila picha, mara nyingi haizidi mega moja ao mbili. Video moja fupi ya WhatsApp inapita hapo. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, yaani zile PDF nzito za wanafunzi, kinaweza kufika mega 50 ao 100. Na vitabu vya kusikiliza ndivyo vinavyomaliza kabisa: kwa sauti ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja inachukua karibu mega 29. Kitabu cha saa 10 ni mega 290 hivi. Kwa hiyo anayesikiliza vitabu vinne vya namna hiyo kwa mwezi amekula zaidi ya giga moja juu ya bei ya abonema. Wengine wanaweka tumaini kwa Starlink, iliyopewa ruhusa ya kufanya kazi Kongo mwezi wa tano mwaka wa 2025, lakini chombo chake chenyewe kinanunuliwa kwa bei inayozidi abonema ya vitabu ya mwaka mzima. Labda shule ao parokia ikinunua, si mwanafunzi mmoja.

Intaneti yenyewe si ya kutegemea. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini pote kwa karibu siku 20. Beni na Butembo, ambako kura ilikuwa imesogezwa hadi mwezi wa tatu 2019, zilikuwa katikati ya Ebola, na habari ya uhakika ilikuwa na thamani kuliko kitu kingine. Wakati huo wote, saa ya abonema haisimami. Programu nyingi zinakuruhusu kuteremsha kitabu na kukisoma bila mtandao, lakini baada ya muda zinataka kuona tena intaneti ili zihakikishe kwamba umelipa. Zisipoona, kitabu kinajifunga.

Jambo hilo linatupeleka kwenye kiini: kwa abonema hununui kitabu, unakodi mlango wa kuingilia. Kitabu cha karatasi ukikinunua, mtoto wako atakisoma, utamuazima jirani, utakiuza siku ya shida. Hiki cha abonema hakiingii katika urithi wa mtu. Na mwenye mlango anaweza kubadili kufuli. Kampuni ya Oyster ya New York ilianza mwaka wa 2013 kwa dola 9,95 kwa mwezi, watu wakaisifu sana, na mwanzoni mwa 2016 ikafunga. Scribd ilikuwa inaahidi kusoma bila mpaka. Mwaka huo huo wa 2016 ikaweka mpaka wa vitabu vitatu kwa mwezi. Leo upande wake wa vitabu unaitwa Everand. Hata walionunua kitabu kimoja kimoja hawakupona: Microsoft ilifunga duka lake la vitabu mwaka wa 2019, vitabu vikatoweka katika vyombo vya wateja, ingawa walirudishiwa pesa. Na mwaka wa 2009 Amazon iliondoa vitabu viwili vya George Orwell katika Kindle za watu waliokwisha kuvilipia. Kiongozi wake aliomba radhi baadaye.

Je, basi hakuna faida? Iko, tusidanganyane. Butembo ni mji wa biashara. Nguo, simenti na vipande vya pikipiki vinafika kila siku kupitia Kasindi. Vitabu vinafika kwa shida. Vile vinavyotoka upande wa Uganda ni vya Kiingereza, na vile vya Kifaransa vinatoka Kinshasa kwa ndege. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kiliundwa Butembo mwaka wa 1989 kwa juhudi za askofu Emmanuel Kataliko, na kule Beni UCBC inafundisha tangu 2007 kwa Kifaransa na Kiingereza. Mfumo wa LMD, ulioingizwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unamtaka mwanafunzi afanye kazi nyingi peke yake nje ya darasa. Atafanyaje kama kitu pekee alicho nacho ni silabus ya profesa, iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia? Kwa mtu wa namna hiyo, anayesoma vitabu vitatu ao vinne kwa mwezi, tena kwa Kifaransa ao Kiingereza, dola 12 kwa mwezi inaweza kuwa rahisi kuliko kuagiza kitabu kimoja Kinshasa.

Shida ni kwamba rafu za abonema hazikupangwa kwa ajili yake. Kindle Unlimited imejaa riwaya, nyingi zikiwa za waandishi wanaojichapisha wenyewe, na vitabu vya kufundisha namna ya kutajirika. Msomi wa udaktari, wa kilimo ao wa sheria akiingia humo kutafuta kitabu cha kazi yake ya kumaliza masomo atachoka. Na mzazi anayetafuta vitabu vya Kiswahili kwa watoto atakuta vichache sana. Vya Kinande asiulize.

Hapa ndipo inapouma kuona mwanafunzi akilipa. Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji wakubwa, unafungulia taasisi za nchi maskini majarida na vitabu vya sayansi kwa maelfu. Tawi lake la afya, Hinari, lilianza mwaka wa 2002. Kongo iko katika kundi la nchi ambazo taasisi zake haziombwi kitu. Vyuo vikuu, hospitali, vyuo vya wauguzi, vituo vya utafiti na hata ofisi za serikali vinaweza kujiandikisha. Haiandikishi mtu mmoja mmoja, ni taasisi. Kwa hiyo swali la kwanza si kwa kampuni ya simu, ni kwa mtunza maktaba wa chuo chako: tumejiandikisha? Nywila iko wapi? Kama jibu ni hapana, wakuu wa chuo waulizwe kwa nini, kwa sababu wanafunzi wanalipa frais na hii haigharimu chochote ila mtu wa kuishughulikia na mtandao.

Kwa anayetaka kusoma nje ya masomo, kuna rafu nyingine zisizodai pesa. Maktaba ya Les Classiques des sciences sociales ya Chicoutimi, Kanada, imeweka wazi maandishi mengi ya Kifaransa ya falsafa, uchumi na sosiolojia. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka wa 1971, ina vitabu vya zamani ambavyo haki za mwandishi zimekwisha, vikiwemo vya Kifaransa. African Storybook ina hadithi za watoto zenye picha, na Kiswahili kimo. Kiwix inaweka Wikipedia ndani ya karte memori ili isomwe bila mega hata moja. Mtu mmoja akiiteremsha usiku, darasa zima linaweza kuipata kwa Xender. Hiyo ni halali kabisa.

Zile PDF zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp na Telegram ni habari nyingine. Kila mtu anajua kwamba ndiyo maktaba ya kweli ya wanafunzi wengi, na sitajifanya sijaziona. Lakini zinawaumiza kwanza waandishi walio karibu. Mwandishi wa Paris atapona. Mwalimu wa Butembo aliyechapisha nakala 200 kwa pesa yake mwenyewe, halafu kitabu chake kikapigwa picha na kusambazwa, hatachapisha cha pili. Abonema za nje nazo hazimsaidii sana: Kindle Unlimited inalipa mwandishi kulingana na kurasa zilizosomwa, na kwa kawaida ukurasa mmoja hauzalishi hata nusu ya senti ya dola. Utafiti unaofanywa hapa hapa, kama ule wa jarida la UCG, Parcours et Initiatives, mtu asiutafute katika rafu hizo za kukodi.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, abonema inafaa kwa miezi fulani, si kwa mwaka mzima: mwezi wa kuandika kazi ya mwisho, ao likizo ndefu, ao wakati wa kujifunza Kiingereza kwa bidii. Huduma kubwa kama Kindle Unlimited zinatoa mwezi wa kwanza bure. Wakati huo andika kwenye karatasi vitabu ulivyomaliza, si vile ulivyofungua. Gawanya bei pamoja na mega kwa hesabu hiyo. Kama umemaliza vinne kwa dola 12 na mega za dola 2, kila kimoja kimekugharimu dola 3,50. Kama umemaliza kimoja, kimekugharimu dola 14, na kwa pesa hiyo ungepata cha karatasi.

Na tarehe ya mwisho iandike pale utakapoiona. Kwa abonema za karte, kuzima kunafanywa ndani ya konti, siku mbili ao tatu mbele ya tarehe. Kwa zile za unite, angalia ujumbe wa kwanza uliopokea siku ya kujiandikisha: mara nyingi namba ya kukatisha iko mle, kwa herufi ndogo, chini kabisa. Usiufute ujumbe huo.