Oscar ya Lupita Nyong'o ilitanguliwa na miaka 17 ya kazi

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

USIKU wa Machi 2, 2014, siku moja baada ya kutimiza umri wa miaka 31, Lupita Nyong'o alipanda jukwaani mjini Los Angeles, Marekani, kupokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Hakuna Mkenya aliyekuwa ameipata kabla yake, na filamu iliyompatia, 12 Years a Slave, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kwake kuigiza.

Kwa wengi waliozisikia habari hizo katika miji ya mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Mwanza, jambo hilo lilifanana na bahati ya mtende kuota jangwani. Binti asiyejulikana amecheza filamu moja, akarudi na tuzo kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Hata hivyo, historia ya mwigizaji huyo inaonyesha picha tofauti. Kati ya siku aliyopata nafasi yake kubwa ya kwanza jukwaani na usiku ule wa Los Angeles, ilipita takriban miaka 17. Katika kipindi hicho alicheza michezo ya jukwaani, alifanya kazi za chini kabisa katika utengenezaji wa filamu za watu wengine, aliigiza katika tamthilia ya televisheni, aliongoza filamu yake mwenyewe na alirudi darasani kwa miaka mitatu.

Historia hiyo ina uzito wake katika jiji kama Mwanza, ambako bado wapo wazazi wanaoamini kuwa uigizaji ni uhuni, na vijana wanaoamini kuwa unahitaji sura nzuri na bahati tu.

Mtoto wa Kisumu aliyezaliwa Mexico

Lupita alizaliwa Machi 1, 1983 katika jiji la Mexico. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha chuo kikuu huko baada ya kuondoka Kenya kutokana na misukosuko ya kisiasa ya wakati huo. Jina Lupita ni kifupi cha Guadalupe, jina la kawaida miongoni mwa watu wa Mexico. Familia ilirejea Kenya angali mtoto mchanga, naye akakulia Nairobi.

Wazazi wake ni Wajaluo wenye asili ya Kisumu, kabila lilelile ambalo upande wa Tanzania linaishi Rorya, mkoani Mara. Baba yake alikuja kuwa waziri, na mwaka 2017 alichaguliwa kuwa gavana wa Kisumu, wadhifa alioutetea kwa mafanikio mwaka 2022.

Kwa kawaida ingetarajiwa kuwa binti wa profesa aelekezwe kwenye sheria au udaktari. Lakini Lupita alipofikisha miaka 14, alikuwa tayari jukwaani akicheza nafasi ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare wa Romeo and Juliet, chini ya kundi la Phoenix Players la Nairobi. Kundi hilo lilikuwa na ukumbi mdogo katikati ya jiji, na kwa miaka mingi lilikuwa miongoni mwa sehemu chache Afrika Mashariki ambako mwigizaji aliweza kuonekana jukwaani katika mchezo mmoja baada ya mwingine. Lupita alicheza michezo mingine kadhaa hapo.

Kazi za chini nyuma ya kamera

Alipokwenda Marekani kusoma katika Chuo cha Hampshire, alichukua masomo ya filamu na sanaa za maonyesho. Akiwa bado mwanafunzi, alipata kazi katika filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 2005. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa mmoja wa vijana wa kutumwa, wale wanaokimbia huku na kule kuhakikisha kila mtu na kila kitu kiko mahali pake.

Katika kazi hiyo alikutana na mwigizaji wa Uingereza, Ralph Fiennes. Lupita amesimulia mara kadhaa kuwa Fiennes alimshauri aingie katika uigizaji iwapo tu anahisi kwamba hawezi kuishi bila kazi hiyo.

Baadaye alifanya kazi nyuma ya kamera katika The Namesake ya mwongozaji Mira Nair, iliyotoka mwaka 2006. Nair ndiye mwasisi wa Maisha, mpango wa kuwafundisha vijana wa Afrika Mashariki utengenezaji wa filamu wenye makao yake Kampala. Miaka kumi baadaye, wawili hao walikutana tena katika mazingira tofauti kabisa.

Mwaka 2009 Lupita alionekana katika Shuga, tamthilia ya televisheni kuhusu vijana wa Nairobi, mapenzi na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Alicheza nafasi ya Ayira, mwanafunzi anayenaswa kati ya tamaa ya maisha mazuri na uaminifu kwa mpenzi wake. Tamthilia hiyo ndiyo iliyomfanya atambulike Kenya, miaka minne kabla ya Hollywood kulijua jina lake.

Filamu iliyowagusa watu wa Kanda ya Ziwa

Mwaka huohuo ilitoka In My Genes, filamu ya makala aliyoiandika na kuiongoza yeye mwenyewe. Inafuatilia maisha ya watu wanane wenye albinism nchini Kenya: jinsi wanavyotazamwa mitaani, wanavyotengwa na jinsi wanavyojenga maisha yao licha ya hayo yote.

Kwa wakazi wa Mwanza, wakati ilipotoka filamu hiyo hauhitaji maelezo mengi. Ilikuwa miaka ambayo Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye albinism, wakiwemo watoto, yaliyochochewa na imani za kishirikina kuwa viungo vyao huleta utajiri. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua mtoto mwenye albinism.

Filamu ya Lupita haikuhusu mauaji hayo. Ilifanya jambo ambalo hukumu ya mahakama haiwezi kulifanya, nalo ni kuwapa nafasi wahusika wazungumze wenyewe kuhusu maisha yao, nje ya uvumi unaowazunguka. Aliyeiongoza alikuwa msichana wa miaka ya ishirini, asiye na tuzo yoyote ya kimataifa wala jina kubwa.

Kurudi darasani

Pamoja na kutambulika Kenya, mwaka 2009 alijiunga na shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa shahada ya uzamili ya miaka mitatu. Huko alicheza Shakespeare na Chekhov, na akafundishwa mambo ambayo mtazamaji huwa hayaoni: namna ya kutumia pumzi, kuifikisha sauti hadi kiti cha mwisho bila kipaza sauti, kubadili lafudhi, na kumjenga mhusika kwa mwendo wa mwili kabla ya maneno.

Alipokaribia kuhitimu mwaka 2012, alichaguliwa na mwongozaji Steve McQueen kucheza nafasi ya Patsey, mtumwa katika mashamba ya pamba ya Louisiana. Mengi ya mateso ya Patsey yanaonekana usoni na mwilini kuliko katika maneno yake. Ni kazi ambayo mafunzo ya jukwaani yalikuwa yamemwandaa kuifanya.

Alichofanya baada ya kupata Oscar kinaeleza zaidi. Mwaka 2015 alirudi jukwaani New York katika Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake walioshikiliwa na kamanda wa waasi wakati wa vita vya Liberia. Alikuwa ameufahamu mchezo huo tangu mwaka wake wa kwanza Yale, alipokuwa mwigizaji wa akiba, yaani mtu anayejifunza nafasi nzima na kusubiri pembeni iwapo mwenye nafasi ataugua.

Mwaka 2016 mchezo huo ulihamia Broadway, eneo lenye kumbi kubwa za maigizo nchini Marekani, ambako kwa kawaida mchezo huonyeshwa mara nane kwa wiki. Ulikuwa wa kwanza hapo ambao mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi. Lupita aliteuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani nchini humo.

Mwaka huohuo alirudi pia kwenye mwambao wa ziwa, safari hii mbele ya kamera ya Mira Nair. Katika Queen of Katwe, aliigiza kama Nakku Harriet, mama wa Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuliwa na mchezo wa sataranji. Ni nafasi ya mjane mwenye watoto wengi na kipato kidogo, mwanamke ambaye mtu wa Mwanza anaweza kukutana naye katika soko lolote.

Zilifuata filamu zilizotazamwa na mamilioni: Black Panther mwaka 2018, Us mwaka 2019 ambamo alicheza wahusika wawili, na A Quiet Place: Day One mwaka 2024. Mwaka 2019 alitoa pia kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, kuhusu msichana anayejifunza kuipenda ngozi yake nyeusi. Wajaluo wa Rorya hawakuhitaji tafsiri ya jina hilo: sulwe ni nyota.

Kiswahili katika mchezo wa Shakespeare

Agosti 2025 Lupita alirudi kwa mwandishi aliyeanza naye. Katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, New York, alicheza Viola katika Twelfth Night, mchezo wa Shakespeare kuhusu pacha wanaopoteana baada ya meli yao kuzama, kila mmoja akiamini mwenzake amekufa. Pacha wake aliigizwa na mdogo wake wa kuzaliwa, Junior Nyong'o. Mwongozaji, Saheem Ali, naye ni mzaliwa wa Kenya. Katika onyesho hilo, pacha hao walisikika pia wakizungumza Kiswahili.

Jambo hilo lina historia katika mwambao huu. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikwisha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili katika miaka ya 1960. Na katika jiji ambalo Mei 21, 1996 lilipoteza mamia ya watu meli ya MV Bukoba ilipozama, habari ya ndugu waliotenganishwa na maji haihitaji kufafanuliwa.

Wala jukwaa lenyewe si kitu kigeni Mwanza. Kwa vizazi kadhaa, Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma mbele ya umati, na Bujora bado hujaa watu wakati wa sherehe za Bulabo. Mshindi hupatikana kwa kuwavuta watazamaji upande wake, naye hawezi kufanya hivyo bila mazoezi ya muda mrefu. Kwa anayetaka kusomea fani hiyo, nchini ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na idara ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Si kila binti atakayepewa nafasi katika igizo la shule atafika Los Angeles, na pengine hata Dar es Salaam hatafika. Lakini mzazi anayemkataza kwa hoja kuwa huko ni kupoteza muda anapaswa kukumbuka kuwa profesa mmoja wa Kisumu alikuwa na sababu zilezile za kukataa, na binti yake wa miaka 14 akaruhusiwa kwenda mazoezini.