Alama za Kisu katika Mwili Uliooza: Utangulizi

Wengi huingia katika fani ya kusoma alama za kisu na swali moja tu: je, kisu hiki ndicho kilichotumika? Ni swali la mpelelezi na hakimu, na wana haki ya kuuliza. Lakini lipo linalolitangulia, nalo ndilo linaloshughulikiwa katika kurasa zinazofuata: mwili ulipopatikana, ulikuwa umebakiza nini cha kusomwa?

Ngozi ndiyo ya kwanza kutuangusha. Hata kwenye maiti mbichi haiaminiki sana, kwa kuwa nyuzi zake huvuta jeraha. Guillaume Dupuytren wa Ufaransa aliona, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kwamba chombo cha mviringo huacha ngozini mpasuko mrefu kana kwamba kilipita kisu. Mwaka 1861 Karl Langer wa Vienna akachora mielekeo ya mvuto huo mwili mzima. Sasa ongeza kuoza. Gesi hufurisha tumbo na jeraha hupanuka. Ngozi ya juu huchubuka, na ile kona butu iliyodokeza kisu chenye makali upande mmoja hutoweka. Nzi hupenda kutaga kwenye jeraha lililo wazi; funza wakianguliwa hula kingo zake. Kisu chembamba huweza kudhaniwa kipana, na tundu la funza au la panya likahesabiwa kuwa pigo. Misuli nayo haina la kutusaidia.

Tegemeo letu ni gegedu, hasa lile linalounganisha mbavu na kidari. Halina mishipa ya damu, huchelewa kuoza kuliko nyama, na lina ugumu wa kutosha kushika alama bila kuvunjika. Kisu chenye meno huacha ndani yake mifereji inayoonekana hata bila lenzi. Kisu kisicho na meno huacha mistari myembamba mno, iliyochorwa na mapengo madogo ya makali na mikwaruzo ya jiwe la kunolea. Mchunguzi humimina silikoni juu ya mkato, huisubiri igande, huibandua, kisha huilinganisha chini ya hadubini na nakala ya mkato wa majaribio, taa ikimulika kwa ubavuni ili kila mstari utupe kivuli chake.

Gegedu nalo lina mwisho wake. Likikauka hujikunja na kusinyaa, na umbali kati ya mistari hubadilika. Penye unyevu hulainika na uso wake hunyonyoka. Mistari myembamba hutangulia kufutika, mifereji ya meno hubaki nyuma. Kwa hiyo mtaalamu ambaye jana angetamka “kisu hiki” leo anaweza kusema tu “kisu cha aina hii”, na kwa maoni yangu ugomvi mwingi mahakamani huzuka pale anapokataa kuishusha kauli yake. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Florida ilikataa ushahidi wa kufananisha kisu kimoja na alama ya kwenye gegedu, ikiona kwamba mbinu hiyo, iliyodai uhakika usio na shaka, haikuwa imekubalika kisayansi. Shauri hilo halikuhusu kuoza hata kidogo. Pima basi uzito wa dai kama hilo la uhakika pale gegedu linapokuwa limeanza kulainika.

Majaribio mengi hufanywa kwa nguruwe, na machache kwa miili ya watu iliyotolewa kwa hiari, kama katika kituo alichoanzisha William Bass huko Knoxville, Tennessee. Msomaji wa Tanga au Mombasa asizichukue siku zinazotajwa katika ripoti za majaribio hayo kama zilivyo: joto na unyevu wa pwani huharakisha kuoza.

Ndiyo maana sura ya kwanza haianzi na hadubini. Inaanza mochwari, na picha yenye kipimo kabla ya kitu chochote kuguswa, kisha namna ya kutoa kipande cha gegedu bila kisu chako mwenyewe kupita juu ya mkato unaouchunguza.