Dishi Moja, Setilaiti Mbili: Yanayowezekana na Yasiyowezekana

Mtumiaji anayetaka kutazama matangazo ya setilaiti zaidi ya moja hukutana mapema na ahadi moja: kwamba kwa kuongeza LNB ya pili na swichi ndogo, dishi lililopo juu ya paa lake litapokea kila kitu. Wakati mwingine ahadi hiyo ni ya kweli. Wakati mwingine haiwezi kutimizwa na fundi yeyote, awe hodari kiasi gani, kwa sababu inapingana na jinsi setilaiti zilivyopangwa angani. Tofauti kati ya hali hizi mbili inaweza kujulikana kabla ya fedha kutoka mfukoni. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuijua, jinsi dishi linavyoelekezwa, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyadai kabla ya kulipa.

Setilaiti ziko wapi

Setilaiti zinazotumiwa na madishi ya nyumbani huwekwa juu ya mstari wa Ikweta, katika kimo cha takriban kilomita 35,786. Katika kimo hicho setilaiti hukamilisha mzunguko wake kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha mara moja. Kwa hiyo mtu aliye ardhini huiona kama imetulia mahali pamoja usiku na mchana, na ndiyo maana dishi huelekezwa mara moja likakazwa. Kila setilaiti hutambulishwa kwa longitudo ya mahali iliposimama, kwa mfano nyuzi 7 Mashariki au nyuzi 36 Mashariki. Nafasi moja inaweza kuwa na setilaiti kadhaa zilizosogeleana. Hizo hupokewa kwa LNB moja kana kwamba ni setilaiti moja.

Kwa kuwa Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, setilaiti hizi huwa upande wetu wa kaskazini. Zimejipanga kama upinde unaoanza mashariki, unaopanda hadi karibu na utosi, kisha unashuka magharibi. Tuchukue mfano wa mkazi wa Dar es Salaam. Setilaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki iko karibu juu ya kichwa chake, kwa mwinuko wa takriban nyuzi 81 kutoka upeo wa macho. Iliyo nyuzi 7 Mashariki iko upande wa magharibi, ikielekea kaskazini kidogo, kwa mwinuko wa takriban nyuzi 52. Mkazi wa Mwanza, Mbeya au Mtwara atapata tarakimu tofauti kidogo, na fundi anapaswa kuzitafuta kwa mahali husika badala ya kukariri za mji mwingine.

Tunataja nafasi hizi mbili kwa makusudi, kwa kuwa zote hutumika kwa huduma za televisheni zinazopokewa nchini. Ukizitoa tarakimu zake unapata tofauti ya nyuzi 29. Hata hivyo, kwa mtu aliye Dar es Salaam pembe halisi kati yake ni takriban nyuzi 34, kwa sababu longitudo hupimwa kutoka kiini cha dunia ilhali sisi tunatazama kutoka juu ya uso wake. Pembe hii ndiyo inayoamua kama dishi moja litatosha.

Kwa nini dishi lina mipaka

Dishi hufanya kazi kama kioo. Hukusanya mawimbi dhaifu yanayotoka upande mmoja na kuyaakisi yote hadi kwenye nukta moja, ambapo LNB huwekwa. Mawimbi yanayotoka pembeni kidogo nayo huakisiwa, lakini hukutana kwenye nukta nyingine kando ya ile ya kwanza. LNB ya pili ikiwekwa hapo, dishi moja litapokea setilaiti mbili.

Kadiri setilaiti ya pili inavyokuwa mbali na ile ya katikati, ndivyo mawimbi yake yanavyotawanyika badala ya kukusanyika. Kwa dishi la kawaida la nyumbani, pembe ya hadi nyuzi 10 hivi huleta matokeo mazuri. Ikizidi hapo nguvu hupungua, na inapofika nyuzi 34 hakuna la kutegemea. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kupokea nafasi za nyuzi 7 na nyuzi 36 Mashariki kwa dishi moja la kawaida lisilozunguka anakuahidi jambo lisilowezekana.

Ukaribu nao una kikwazo chake. Setilaiti zilizoachana kwa nyuzi 2 au 3 huhitaji LNB zilizokaribiana mno kiasi kwamba vichwa vyake hugongana. Kazi hiyo huhitaji LNB nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Njia tatu za kuchagua

Njia ya kwanza ni dishi moja lenye LNB mbili au zaidi. Hii inafaa pale setilaiti zinapokuwa jirani.

Njia ya pili ni madishi mawili, kila moja na setilaiti yake. Kwa nafasi zilizo mbalimbali, kama zile za mfano wetu, hii ndiyo njia rahisi na ya kutegemewa.

Njia ya tatu ni dishi linalozungushwa na mota. Hili hufikia sehemu kubwa ya upinde, lakini hutazama setilaiti moja tu kwa wakati mmoja. Nyumba yenye televisheni mbili haitaweza kutazama setilaiti mbili tofauti kwa pamoja.

Hapa pana jambo ambalo huwagharimu watu fedha bila sababu. Swichi ya kuchagua LNB ina maana pale ambapo king'amuzi kimoja kinatakiwa kusoma setilaiti zaidi ya moja, hasa king'amuzi cha chaneli zisizolipiwa. Kama umejiunga na kampuni mbili za kulipia, king'amuzi cha kila kampuni hufungua chaneli zake tu. Katika hali hiyo kila dishi liunganishwe moja kwa moja na king'amuzi chake. Swichi haina kazi. Na kama ving'amuzi viwili vinatumia dishi moja, kinachohitajika ni LNB yenye matundu mawili ya kutolea waya.

Jinsi dishi linavyoelekezwa

Kazi huanza kwenye nguzo. Nguzo isimame wima kabisa, ikipimwa kwa timazi au pima maji kutoka pande mbili. Nguzo iliyoinama huharibu vipimo vyote vinavyofuata. Dira isomwe mbali na mabati na nguzo ya chuma, kwa kuwa chuma huipotosha. Kusiwe na mti, ukuta wala tangi la maji kati ya dishi na setilaiti, na tukumbuke kwamba mwembe mchanga wa leo utakuwa mkubwa baada ya miaka michache.

Pili ni mwinuko. Madishi mengi ya nyumbani yana LNB iliyo chini ya katikati, hivyo uso wa dishi huonekana umesimama kuliko unavyotazama kwa kweli. Fundi afuate kipimo kilichoandikwa kwenye bano la dishi, wala asikisie kwa macho. Kwa setilaiti zilizo karibu na utosi, kama ile ya nyuzi 36 kwa mkazi wa Dar es Salaam, hakikisha kabla ya kununua kwamba bano linafika kwenye mwinuko huo.

Tatu ni kutafuta setilaiti yenyewe. Ingiza kwenye king'amuzi masafa sahihi ya setilaiti hiyo, kisha sogeza dishi polepole sana kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukisita sekunde chache kila hatua, kwa sababu king'amuzi huhitaji muda kutambua mawimbi. Dishi la sentimeta 90 lina upenyo wa kutazama wa takriban nyuzi 2 tu, na kosa la uzi mmoja ardhini ni zaidi ya kilomita 600 kule iliko setilaiti.

King'amuzi huonyesha vipimo viwili: nguvu na ubora wa mawimbi. Nguvu huweza kuonekana hata dishi likiwa limeelekezwa kusiko na setilaiti, kwa kuwa LNB yenyewe hutoa mvumo wake. Kipimo cha kuaminika ni ubora. Mtumiaji asikubali kazi iliyokamilishwa kwa kuonyeshwa nguvu pekee.

Nne ni kuzungusha LNB kwenye kishikio chake. Mawimbi husafiri yakiwa katika mkao wa wima au wa mlalo, na LNB lazima ilale sawasawa na mkao huo. Huku kwetu karibu na Ikweta jambo hili lina uzito mkubwa. Tumezoea kuuona mwezi mwandamo ukiwa umelala kama mtumbwi, ilhali watu wa nchi za mbali na Ikweta huuona umesimama zaidi. Setilaiti iliyo upande wa magharibi nayo hulala kwa namna hiyo: kwa ile ya nyuzi 7 Mashariki, LNB jijini Dar es Salaam huzungushwa karibu robo ya duara. Fundi asiyelijua hili huweza kupata nusu ya chaneli na kudai kwamba nyingine hazipo.

Tano, ikiwa LNB ni mbili kwenye dishi moja, setilaiti yenye mawimbi dhaifu ndiyo ipewe nafasi ya katikati. Dishi likazwe kwa hiyo kwanza, kisha lisiguswe tena. Kinachosogezwa baadaye ni LNB ya pembeni peke yake. Kwa kuwa dishi ni kioo, mambo hugeuka: setilaiti iliyo magharibi zaidi hupokewa na LNB iliyosogezwa upande wa mashariki, na setilaiti iliyo juu zaidi hupokewa na LNB iliyoshushwa chini.

Mwisho ni swichi, pale inapohitajika. Kila mlango wa swichi una namba, na namba hiyo lazima ilingane na ile iliyochaguliwa kwenye king'amuzi kwa setilaiti husika. Zima king'amuzi kwenye umeme kabla ya kufungua au kufunga waya wowote, kwa kuwa king'amuzi hupeleka umeme kidogo hadi kwenye LNB. Viungo vya nje vifunikwe maji yasipenye. Dishi lisifungwe karibu na nyaya za umeme kwa hali yoyote.

Mvua na jua

Mvua kubwa ya masika huweza kukata picha kwa dakika kadhaa hata dishi likiwa limeelekezwa vizuri, kwa sababu matone hunyonya mawimbi. Hiyo ni hali ya kawaida. Lakini picha ikikatika kwa manyunyu tu, dishi limeachwa pembezoni mwa shabaha na linahitaji kurekebishwa. Vilevile, kwa siku chache za mwezi Machi na Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti na kukata picha kwa dakika chache: adhuhuri kwa dishi la nyuzi 36, alasiri kwa dishi la nyuzi 7. Katika siku hizo usimlipe mtu kurekebisha kisichoharibika.

Kabla ya kulipa

Tunamshauri mtumiaji apate majibu ya maswali yafuatayo kwa maandishi kabla kazi haijaanza:

1. Dishi litapokea nafasi zipi? Jibu liwe kwa nyuzi, siyo kwa maneno kama "setilaiti zote".

2. Je, mwale wa setilaiti hiyo umeelekezwa Tanzania? Setilaiti huweza kuwa juu ya upeo wetu ilhali inatangaza kwa ajili ya Ulaya au Uarabuni, na dishi la nyumbani lisipate kitu.

3. Ni chaneli zipi hazilipiwi, na zipi zimefungwa? Dishi na LNB havifungui chaneli iliyofungwa. Anayekuuzia njia ya kufungua chaneli za kulipia bila kulipia anakuuzia kitu kisicho halali, ambacho pia huzimika wakati wowote bila wewe kuwa na pa kudai.

4. Kampuni ikihamia setilaiti nyingine, nani atagharamia kuelekeza dishi upya?

5. Fundi ana leseni au kibali gani, na anatoa dhamana ya muda gani?

Kazi inapokamilika, pitia chaneli za kila setilaiti mwenyewe, andika ubora wa mawimbi ulioonekana, chukua risiti, na weka alama ya rangi kwenye nguzo na bano ili dishi likisogezwa na upepo ujue lilikuwa wapi. Kumbukumbu ya ubora uliyoiandika siku ya kwanza ndiyo ushahidi wako wa baadaye.

Likitokea tatizo, anza kwa aliyekuuzia huduma, umweleze kwa maandishi ukiambatisha nakala ya risiti, na uhifadhi nakala yako. Usiporidhishwa na majibu, au usipojibiwa, lete lalamiko lako kwa Mamlaka pamoja na nyaraka hizo. Hatuwezi kusogeza setilaiti, lakini mtumiaji aliyeahidiwa kwa maandishi nafasi mbili akapewa moja ana madai yanayopimika, nasi tuna pa kuanzia kuyashughulikia.