Televisheni Ndogo Bapa: Inafaa Wapi, na Wapi Haifai

Katika maombi ya misaada yanayotufikia, televisheni bapa ya inchi 24 au pungufu hutajwa mara kwa mara. Kamati moja huitaka kwa ajili ya wagonjwa wanaosubiri zahanati, nyingine kwa ukumbi wa parokia. Kifaa ni kilekile, lakini jibu letu si moja.

Sifa yake kubwa ni kutumia umeme kidogo: takriban wati 20 hadi 40, wakati ile ya chogo ya inchi 21 hutumia kati ya wati 60 na 100. Tuchukue zahanati yenye umeme wa jua. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, na ili idumu haifai kuitumia zaidi ya nusu. Zinabaki 300. Televisheni ya wati 30 ikiwashwa saa nne hutumia 120. Ya chogo ya wati 70 hutumia 280, na usiku ule mkunga hana taa. Baadhi ya hizi ndogo hutumia volti 12 bila inveta, ila betri ikichajiwa hupanda kupita volti 14, kwa hiyo fundi aweke kirekebisha volti katikati. Nyingi pia husoma flash, basi somo la unyonyeshaji au malaria huonyeshwa hata pasipo antena.

Udhaifu wa kwanza ni sauti. Spika zake ni ndogo na mara nyingi zinatazama nyuma au chini. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata walio mbele hawasikii. Picha nayo, kwa inchi 24, ina upana wa sentimeta 53 na kimo cha 30 tu. Watu 15 waliokaa karibu wataona vizuri. Ukumbi wa watu mia wataona mwanga unaochezacheza. Tena skrini nyingi za bei nafuu ukizitazama kutoka chini huwa nyeusi, hivyo ikiwekwa juu ukutani lazima iinamishwe. Kwa ukumbi, tunashauri kamati ichangie projekta na spika, au isubiri.

Kioo kikipasuka, kukibadilisha hugharimu karibu sawa na kununua nyingine. (Hapo ile ya chogo iliwashinda wote: fundi yeyote wa sokoni aliijua.)

Kwa wafadhili wanaopenda kutuma televisheni zilizotumika, neno moja. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na matangazo ya antena sasa ni ya dijitali ya mfumo wa DVB-T2. Televisheni ya Marekani haiyapokei, wala ya Ulaya ya zamani yenye DVB-T pekee, mpaka kinunuliwe king'amuzi. Mtazame pia maandishi ya nyuma: ikiandikwa 120V peke yake, itaungua siku ya kwanza. Inayofaa huandikwa 100-240V. Kwa kawaida fedha za kununulia hapa nchini, pamoja na risiti na dhamana ya duka, husaidia zaidi.

Na kamati inapokwenda dukani, iende na flash yenye filamu itakayoonyeshwa, iichezeshe yote kabla ya kulipa.