Mkanda wa jeshi na vitamini D: Tusichelewe kwa kutegemea jua

Miongoni mwa maradhi yanayowatesa wazee wetu, na wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika, ni mkanda wa jeshi. Huanza kwa maumivu ya kuunguza upande mmoja wa mwili, kisha malengelenge hutokeza na kujipanga mithili ya mshipi. Chanzo chake si uchawi, bali ni virusi vya tetekuwanga vilivyojificha katika mishipa ya fahamu tangu mtu alipougua maradhi hayo, vikaamka kinga iliposhuka.

Je, vitamini D ina nafasi gani hapa? Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi ipigwapo na jua, nazo chembe za kinga huitumia katika kazi yake. Baadhi ya tafiti zimebaini kiwango kidogo cha vitamini hiyo kwa wagonjwa, hasa wale ambao maumivu huwabakia baada ya malengelenge kukauka. Wataalamu wengi huhesabu kiwango kilicho chini ya nanogramu 20 kwa mililita kuwa ni upungufu.

Wala wakazi wa nchi za jua hawakusalimika. Nchini Saudi Arabia upungufu huo umeonekana kwa wingi, kwani watu hukaa ndani wakikimbia joto, na akina mama hujisitiri watokapo. Sitara si kikwazo: uani mwa nyumba mtu aweza kuota jua.

Hata hivyo, kukutwa na upungufu si ushahidi kwamba ndio uliomuuguza mgonjwa. Mzee akaaye ndani hukosa jua, na uzee wenyewe hushusha kinga. Yamkini mambo hayo mawili yamefuatana tu.

Hatari tunayoihofia ni mgonjwa kununua vidonge vya vitamini huku siku zikipita. Asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutokeza. Vikitokea karibu na jicho, aende hospitali siku hiyo hiyo, asije akapoteza uoni. Kijana akipatwa, ni vyema apime pia virusi vya ukimwi, si kwa kutuhumiwa, bali apate tiba mapema. Na vitamini D ikizidishwa mno hudhuru figo.

Basi tuote jua, lakini mwili ni amana: vipele vikitokeza, tuwahi kwa daktari.