Kwa Nguvu ya Nani Tunakua?

Somo la Kumi na Nne

Katika somo lililopita tulieleza jinsi Ubatizo unavyotuzaa upya. Leo twataka kufuata swali litokalo humo: mtoto aliyekwisha kuzaliwa, hukua kwa nguvu ya nani? Je, Mungu hutuzaa, kisha hutuacha tujilee wenyewe?

Kwa midomo sote twajibu upesi ya kuwa Mungu ndiye atukuzaye. Lakini wengi wetu twaishi kama watu waliopewa jembe siku ya Ubatizo na kuambiwa: nendeni, mkalime peke yenu. Tutawasimulia habari ya mtu mmoja. Jina lake hatutalitaja, ingawa yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia.

Mtu huyu ni seremala, baba wa watoto watano, fundi hodari. Adui yake ni lutuku. Siku ya Pasaka, mwaka mmoja, alisimama mbele ya Wakristu wote akaapa ya kuwa hatagusa tena kikombe maisha yake yote. Sisi tulifurahi mno, hata tukafanya kosa. Dominika iliyofuata tulimsimamisha mbele ya wakatekumeni, tukawaambia wamtazame mwanamume mwenye moyo wa chuma. Neno la neema hatukulitaja hata mara moja. Yeye alitusikia, akaamini.

Alishika kiapo chake juma saba. Juma la nane palikuwa na matanga, naye akapewa kikombe kimoja kwa ajili ya baridi ya usiku. Asubuhi walimkuta amelala nyuma ya nyumba ya wafiwa, mbele ya macho ya watoto wake. Tangu siku ile hakuonekana shapelini kwa miaka miwili. Mke wake alikuja peke yake. Mtoto wao wa mwisho alikaa bila Ubatizo, kwa kuwa baba aliona haya kumleta.

Tulipomwendea, tulimkuta akipiga randa. Hakuinua macho. Alisema: «Mwalimu, nimemwambia Mungu uwongo mbele ya watu. Niacheni kwanza. Siku nitakapokuwa nimeacha pombe kabisa, nitarudi kuungama.»

Tuliondoka bila kumjibu. Njiani tulitambua ya kuwa maneno yale tulimfundisha sisi wenyewe. Maana mtu aliyeambiwa ya kuwa amesimama kwa moyo wake wa chuma, akianguka, atafikiri nini? Atafikiri ya kuwa hana budi kujiinua kwa moyo ule ule. Ni kama mgonjwa asemaye ya kuwa atakwenda hospitali homa itakapomwisha.

Sasa tusikilize mafundisho ya Bwana wetu. Katika usiku ule wa karamu ya mwisho alijilinganisha na mzabibu, akawaita wafuasi wake matawi, akawaonya ya kuwa tawi lililotengwa na shina haliwezi kuzaa kitu. Wengi wetu hatujaona mzabibu. Tulipofundisha mfano huu kijijini, mzee mmoja alitupinga: «Mwalimu, mimi nakata mti wa muhogo vipande vipande, napanda vile vipande, navyo huota. Mbona tawi la Yezu hufa?» Watu walicheka sana, nasi siku ile hatukuwa na jibu. Twamshukuru mzee yule, kwa sababu alitulazimisha kufikiri.

Kipande cha muhogo hakiishi kwa nguvu yake. Ndani yake mna akiba ya maji na chakula kilichopokea kwa mti uliokizaa. Kiache kivulini, kitaonekana kibichi siku nyingi, pengine kitatoa hata machipukizi madogo. Kisha kitakauka. Hakitaishi mpaka kizikwe udongoni na kunyeshewa mvua. Hivyo ndivyo alivyo Mkristu aliyeacha sala na Sakramenti. Haoni hasara siku ile ile. Juma la kwanza bado ni mpole kwa mke wake, bado ana haya ya kuiba. Hujisifu: tazameni, sisali, nami si mtu mbaya. Hajui ya kuwa anakula akiba.

Kanisa latufundisha ya kuwa neema ni za namna mbili. Neema ya utakaso ni uzima wa Mungu mwenyewe unaokaa ndani ya roho zetu. Tunaupokea katika Ubatizo, na dhambi ya mauti huuondoa. Neema ya msaada ni mwanga na nguvu Mungu atupatiayo kwa saa yake, ili tujue jema, tulitake, na kulitenda. Angalieni vema: hata yule aliyepoteza neema ya utakaso, Mungu hamnyimi neema ya msaada imwitayo arudi. Haya ya ndugu yetu seremala, iliyomfanya asiinue macho, haikuwa alama ya kuwa Mungu amemwacha. Mungu alikuwa akibisha mlangoni.

Mambo haya yaliamuliwa zamani sana, tena katika Afrika. Mwanzo wa karne ya 5 alikuwako Roma mtu aitwaye Pelagius, mzaliwa wa kisiwa cha Britania. Msidhani alikuwa mlevi au mwizi. La, alikuwa mtu wa maisha magumu, aliyechukizwa na uvivu wa Wakristu wa mji ule, na nia yake ya kuwaamsha ilikuwa njema. Lakini alifundisha ya kuwa mtu aweza kushika amri zote kwa utashi wake, kwani Mungu amekwisha kumsaidia kwa kumpa sheria, mafundisho na mfano wa Kristu. Yaani Mungu aonyesha njia, na miguu ni yetu.

Aliyempinga kwa nguvu ni Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Thagaste, askofu wa Hippo, miji ya nchi iitwayo leo Algeria. Huyu aliyajua mambo haya kwa mwili wake. Kabla ya kubatizwa katika mji wa Milano, mwaka 387, alitamani miaka mingi kuishi maisha safi, asiweze. Alijua njia ilipo. Miguu ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo katika kitabu chake cha Maungamo alimwomba Mungu ampe kwanza nguvu ya kutenda, kisha amwamuru analotaka. Pelagius aliposikia sala ile ikisomwa huko Roma, hakuweza kuivumilia. Aliona ni maneno ya mtu mvivu. Sisi twaona ni maneno ya mtu aliyekwisha kujaribu.

Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Kartago, wakafundisha ya kuwa neema haituonyeshi tu la kutenda, bali yatupa pia kulipenda na kuliweza. Mwaka 529 mtaguso wa Orange, katika nchi ya Ufaransa, ukaongeza ya kuwa hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kwanza ya kumtafuta Mungu, ni zawadi yake.

Basi mtu ataweza kuuliza: kama ni hivyo, tuketi tu, tungoje? Hapana. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikana fundisho la kuwa mtu ni kama kitu kisicho na uhai mbele ya neema. Yampasa kuipokea na kufanya kazi pamoja nayo. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, aliyekufa katika monasteri ya Lisieux mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alilieleza jambo hili kwa mfano mzuri kuliko maelezo yetu yote. Mtoto mdogo asimama chini ya ngazi, baba yake yuko juu. Mtoto ainua mguu apande kipandio cha kwanza, asiweze. Ainua tena, asiweze. Baba akiona juhudi ile hushuka mwenyewe, humchukua mikononi. Mguu ule mdogo haukumpandisha mtoto hata kipandio kimoja. Hata hivyo baba alipenda auinue.

Tuangalie tena usiku ule wa Mateso. Mitume wawili walianguka. Petro alikuwa ameahidi kufa pamoja na Bwana, na kabla ya jogoo kuwika akamkana mara tatu. Yuda alimwuza kwa vipande 30 vya fedha. Wote wawili walijuta. Yuda alikiri kosa lake mbele ya makuhani, akarudisha fedha yote; kwa macho ya wanadamu alifanya malipizi zaidi ya Petro, ambaye alilia tu. Lakini Yuda alitaka kuitengeneza dhambi yake peke yake, na ilipomshinda akajinyonga. Petro alingoja atazamwe tena na Yezu. Hatuna habari nyingine ya Maandiko itutishayo kama hii, sisi tunaofundisha wengine kujitahidi.

Tulirudi kwa seremala tukamsimulia habari hizo mbili, tukamwomba radhi kwa yale tuliyosema mbele ya wakatekumeni. Alinyamaza muda mrefu. Juma la pili alikwenda Misioni kwa miguu, kilometa 18, akaungama. Msifikiri ya kuwa habari imekwisha hapo. Ameanguka tena mara tatu tangu siku ile, na kila mara amefunga safari ile ile. Tena amebadili njia yake ya kwenda kazini, asipite mbele ya nyumba wanakopika lutuku, kwani kumtegemea Mungu si kumjaribu. Mtoto wake alibatizwa Pasaka iliyopita.

Iko sehemu moja asiyoweza kuizunguka, kwenye daraja, ambapo pombe huuzwa kando ya njia. Watu wamemwona akisimama pale, akivua kofia. Tulimwuliza husema sala gani. Alijibu: «Namwambia: Bwana, leo tena siwezi. Kisha napita.»

Juma lijalo, saa ile ile, tutaeleza sala ya asubuhi. Wazazi, waleteni watoto. Tumsifu Yezu Kristu.